Waya Unaokatiza Uani

Boko, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Idrisa,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho mlangoni, mkono wako ukiwa mkononi mwangu, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka pia habari za masweta, dawa za malaria na namna ya kuficha pasipoti, kwa sababu shangazi yako Tausi amekuhutubia juu ya hayo tangu wiki iliyopita, na kijana hawezi kuhutubiwa na wanawake wawili kwa jambo lile lile akabaki na masikio. Mimi nina jambo langu moja. Ni dogo ukilitazama, lakini limenikaa kooni tangu jana kama mwiba wa samaki: halimezeki, wala halitemeki.

Jana ulikuwa umepiga magoti chini ya meza yangu, jasho likikutiririka, ukijaribu kwa mara nyingine kuifanya kompyuta yangu ipate intaneti kupitia ile ya baba yako. Ukainua kichwa, ukaniambia kwa upole, "Mama, hata isipokubali si neno. Nitakuwa namwandikia baba, atakusomea."

Nikakujibu, "Sawa, baba." Kisha nikaenda jikoni kupuliza moto ambao haukuwa umezimika.

Nitakuandikia mengi unayoyajua tayari, uniwie radhi. Umeyaona ukiwa umeshika bisibisi. Nataka uyaone mara moja kutoka kwenye kiti changu.

Unakumbuka tulivyoanza hapa. Kama watu wote wa Boko, tulijenga kwanza banda la uani, tukaishi humo tukiitazama nyumba kubwa ikipanda kozi kwa kozi. Darasa la kwanza ulilianza ukitokea humu bandani. Nyumba kubwa ilipoezekwa, sote tulihamia, nami nikabakiza chumba kimoja cha huku kwa ajili ya vitabu vyangu na madaftari ya wanafunzi. Baadaye lile shirika alilolitumikia baba yako tangu ujana likabinafsishwa, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikaa barazani muda mrefu, akiwatazama wanaokwenda kazini. Kisha akainuka, akanunua kompyuta na printa, akaviweka chumba cha mbele, na fundi akaandika ukutani kwa rangi ya buluu: Huduma za Uchapaji. Kadi za harusi, ratiba za hitima, barua za maombi ya kazi. Modemu ya kupata intaneti kwa njia ya simu ilifuata, na simu ya mezani ikahamishwa kutoka sebuleni ikapelekwa huko huko.

Yangu ilikuja shule ilipoondoa mashine zake zilizochakaa. Ikawekwa huku bandani. Tukawa watu wenye kompyuta mbili katika kiwanja kimoja, jambo ambalo majirani walilisimulia kama muujiza, ilhali mimi kila nilipotaka kuchapisha mtihani nilibeba diski mkononi, nikakatiza uani, nikabisha hodi, na kama baba yako alikuwa ametoka, nilirudi na diski yangu. Ufunguo wa chumba kile hukaa mfukoni mwake.

Sasa nikueleze kinachoniudhi zaidi. Mimi ni mtu wa kusimama mbele za watu. Umekua ukiniona: mahafali, vikao vya wazazi, harusi ya jirani ambaye msemaji wake amepatwa na kigugumizi dakika ya mwisho. Wananiita, nasema, wanapiga makofi. Nimewaambia wasichana wa kidato cha nne, kwa sauti isiyohitaji kipaza, kwamba mtu aliyesoma hasemewi. Nikishuka jukwaani, narudi nyumbani kungoja mwenye ufunguo arudi kutoka Tandale.

Kwa hiyo ulipomaliza kidato cha sita, ukawa unangoja majibu ya chuo cha India, ukaniambia, "Mama, hizi kompyuta zinaweza kuunganishwa, ukachapisha ukiwa kwako," sikuonyesha furaha yangu yote. Nilisema tu kwamba ukiharibu mashine ya watu utajibu mwenyewe. Ukaenda Kariakoo, ukarudi na waya wa kijivu. Ukaupitisha juu ya dari kutoka chumba cha mbele, ukautoa ukutani, ukaukatiza uani juu ya vichwa vyetu hadi dirishani pangu. Ukachomeka huku, ukachomeka kule. Hazikuonana.

Ulishinda nazo kutwa. Baba yako alikuwa akija kusimama mlangoni, mikono nyuma.

"Vipi, mtaalamu? Zimeshasalimiana?"

"Bado, baba."

"Labda hazijatambulishwa. Mwambie mama yako azitambulishe, si ndiye mshereheshaji?"

Siku ya pili yake ukagundua kosa, ukanijia mbio kama uliyeokota lulu. Uliniambia kwamba waya ule ulitengenezwa kwa ajili ya kuingia kwenye kisanduku cha kuunganishia kompyuta nyingi. Kompyuta mbili zikiunganishwa zenyewe kwa zenyewe, nyuzi za ndani lazima zipishane. "Huu unapeleka mdomo wa hii kwenye mdomo wa ile, Mama. Zote mbili zinasema, hakuna inayosikia." Nilicheka hadi nikakaa chini. Wewe ulidhani nacheka habari za waya.

Ukakata ncha moja, ukazichambua zile nyuzi nyembamba za rangi rangi, ukazipishanisha, ukazibana upya kwa koleo uliloazima kwa fundi wa simu. Safari hii zikaonana. Nikaliona faili la kadi za harusi likitokea kwenye kioo changu, na nilikaa nikilitazama bila kuligusa, kama mtu aliyefunguliwa dirisha la nyumba asiyoijua.

Kesho yake asubuhi, hakuna kitu. Ukaangalia nyuma ya mashine, ukazima, ukawasha, ukatukana kwa Kiingereza ukidhani sisikii. Kumbe shangazi yako alikuwa amefua mablanketi.

"Shangazi, huu ni waya, si kamba."

"Umetundikwa juu, umevutwa, unapita juani. Kamba ina sifa gani nyingine?"

"Unapitisha mawasiliano, Shangazi."

"Si yapite? Blanketi langu limeyakataza?"

Blanketi lililolowa lilikuwa limeuvuta waya ukachomoka kule mbele. Ukamfungia Tausi kamba yake mwenyewe, mpya, ya katani. Akaitumia siku moja, akasema haipati jua, akarudi kwenye waya na kanga tu, eti kanga hazina uzito. Tangu hapo kila siku ya kufua mimi nilikuwa kisiwa. Na ukiurudisha waya, umeme unakatika. Umeme ukirudi, Tausi ameinua simu kumpigia shoga yake wa Temeke, anatushtakia kwamba ndani ya simu kuna kitu kinalia kama paka aliyekanyagwa. Sijui mwanangu kama unaelewa uchovu wa mtu ambaye kila akifika mlangoni anakuta kizuizi, na kila kizuizi kina sababu nzuri, na kila mwenye kizuizi anampenda.

Hata hivyo ilikuwapo ile siku ya printa. Ukaniambia niandike chochote. Nikaandika maneno ninayojaribia vipaza sauti: "Hodi, hodi. Mnanisikia huko nyuma?" Nikabonyeza. Tukaisikia printa ya chumba cha mbele ikianza kukereza, kisha kimya. Baba yako akatoka, akakatiza uani akiwa ameshika karatasi mbali na macho yake, akiisoma kwa sauti ya mahubiri: "'Hodi, hodi. Mnanisikia huko nyuma?' Karibu, Mwalimu. Lakini huku ni mbele."

Tulicheka wote, naye akacheka. Ni siku niliyompenda sana. Lakini baadaye, nikiitazama karatasi ile, nikagundua kwamba neno langu la kwanza kupita kwenye waya lilisomwa na yeye kabla sijaliona mimi karatasini.

Tukabakiza intaneti, na hapo ndipo tuliposhindwa. Modemu ni moja, simu ni moja, zote ziko kwake. Ulimweleza mbele yangu, kwa adabu niliyokufundisha mwenyewe na ambayo siku ile niliijutia.

"Baba, ya kwako ikiwa imewashwa na imepiga simu, ya mama inapita humo humo."

"Na nikiizima?"

"Ya mama haipati kitu."

"Basi itapata nikiwasha."

"Na ukitoka, baba?"

"Nikitoka nazima, nafunika, nafunga. Kile ni chumba cha kazi, Idrisa, mna kadi za watu mle. Kwani mama yako atakosa nini? Imeli yako ikija, nitamsomea. Barua za zamani zilikuwaje?"

Wewe ukaweka koleo chini. Lakini swali lile lilikuwa na jibu, na nililijua jibu lake kuliko mtu yeyote uani pale.

Barua za zamani zilikuwa hivi. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mbali na kwetu Kilwa, nilimwandikia babu yako kila nilipopata stempu. "Kwa Baba Mpendwa." Ndivyo ilivyopasa. Nilimweleza kila kitu: uji wenye vijiwe, mkufunzi aliyetufundisha kusimama wima tunaposoma, msichana wa Bukoba niliyelala naye chumba kimoja aliyekuwa akiimba usingizini. Mwisho kabisa, kwenye nafasi iliyobaki, niliandika: nisalimie mama.

Likizo ya kwanza nilirudi nyumbani. Mama alikuwa anamenya muhogo. Akaniuliza, "Kule chuoni mnalala wangapi chumba kimoja?"

Nikasema, "Mama, si niliandika? Habari ya msichana anayeimba je, hukuisikia?"

Akasema, "Kwangu zilifika salamu."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja kilichopatikana sokoni. Babu yako alikuwa akivaa miwani, anasoma barua kimya kimya hadi mwisho, anaikunja, anasema, "Rehema yu salama, anakusalimu." Na hakuwa mtu mbaya, alidhani amefikisha. Tena bibi yako alijua kusoma. Alikuwa amehitimu madarasa ya watu wazima, cheti chake kilikuwa kimetundikwa juu ya kitanda. Hakuna aliyemnyima barua ile. Hakuna pia aliyempa.

Utadhani niliporudi chuoni nilianza kumwandikia yeye. Sikuanza. Niliona barua kwa mama, ikimpita baba, itakuwa kama kunong'ona mbele ya mkubwa. Nikaendelea na "Kwa Baba Mpendwa" hadi nikahitimu, na mama akaendelea kupokea salamu hadi nikaolewa. Miaka ile yote ya ujana wangu, mama yangu aliipata kwa muhtasari. Alipokuwa mgonjwa nilikaa naye, nikamsimulia habari ya msichana wa Bukoba tangu mwanzo. Alicheka pale pale ambapo ningetaka acheke. Lakini simulizi iliyochelewa hivyo huliwa kama chakula kilichopashwa. Kinashibisha, ila unajua kwamba wengine walikila kikiwa cha moto.

Sasa usije ukambebea baba yako kinyongo kwa ajili yangu. Kuna sehemu ya ukuta huu niliyoijenga mimi. Alipoinunua ile kompyuta, alikuwa mtu aliyezoea kusalimiwa asubuhi na ofisi nzima, na sasa hakuna aliyekuwa akimsubiri popote. Niliona, nikataka awe na kitu ambacho ni chake peke yake. Mimi ndiye niliyefuma kile kitambaa cha kuifunikia, chenye maua ya njano. Mimi ndiye niliyewaambia wageni, "Msiguse, hiyo ni ya Baba Idrisa." Nilifanya hivyo kwa mapenzi, na nilifanya vizuri mno. Kazi ya mikono yangu ndiyo inayonifungia nje leo, na wa kumlaumu simpati, jambo ambalo kwa mtu mwenye hasira ni adhabu kubwa.

Nawe pia nimekukasirikia, acha niseme lipite. Ulikuwa na subira kwa waya. Uliukata, ukauchambua, ukaanza upya, hukuona haya kukosea. Lakini baba yako alipotamka sentensi mbili, uliweka koleo chini, ukaja kuniambia atakusomea. Nyuzi ulizipishanisha, sisi ukatuacha mdomo kwa mdomo. Najua, si kazi ya mtoto kuwaunganisha wazazi wake. Mimi nilipaswa kusema pale pale, na mimi msemaji wa watu nilikwenda kupuliza moto.

Kwa hiyo nasema sasa. Kabla hujaondoka kesho, nifungulie anuani yangu ya barua pepe, kwa jina langu, Rehema, si "familia" wala "nyumbani". Ukifika India, niandikie mimi. Siombi maandishi ya kupendeza. Niambie mnalala wangapi chumba kimoja. Niambie chakula kikikushinda, mtihani ukikuangusha, mtu akikudharau kwa rangi yako na ulivyomjibu, au ulivyonyamaza na sasa unajilaumu. Usiniandikie kwamba u salama. Usalama wako nitaujua mwenyewe nikisoma. Na baba yako mwandikie yake, ndefu, umweleze habari za mitambo ya huko, maana hakuna anayempa maswali siku hizi, na yeye bado ana majibu mengi. Wala usimpunguzie yeye ili unizidishie mimi.

Waya ukikatika, Tausi akianika, umeme ukienda, nitapanda gari hadi mjini, nikakae kwenye ile kafe ya intaneti kati ya vijana wa rika lako, niulize kitufe kiko wapi. Sitaona haya. Ila ningependa zaidi kuzisomea barua zako hapa, kwenye chumba tulichoanzia maisha, miguu yangu ikiwa peku.

Limebaki neno moja. Wewe na shangazi yako mko Temeke kuaga, na nyumba imetulia. Ningeweza kuiandika barua hii kwa mkono, nikaitia kwenye sanduku lako katikati ya mashati, nawe ungeisoma ukiwa angani. Nilichukua hata kalamu. Kisha nikaiweka, nikaiwasha mashine. Namsikia baba yako kule mbele, anachapisha kadi za harusi ya mtaa wa pili, kwa hiyo kompyuta yake inawaka, na leo hakuna kilichoanikwa uani. Nikimaliza nitabonyeza. Barua itapita juu ya uani, itatokea mikononi mwake, ukurasa baada ya ukurasa, na kwa kuwa namjua, ataisoma. Nilijua hivyo tangu mstari wa kwanza, na sikuandika neno lolote humu ambalo nisingemwambia usoni laiti ningepata ujasiri ninaoupata mbele ya mahafali.

Baba Idrisa, hodi. Najua umesimama, umeshika karatasi mbali na macho, maana miwani umeiacha sebuleni. Sikukusengenya, nimekuja kwa mlango wako. Sitaki kiti chako wala chumba chako, na kitambaa kile nitakufumia kingine kikichakaa. Ninachoomba ni mashine ibaki bila kuzimwa siku unazotoka, na barua ya mwanangu inifikie kabla haijawa salamu. Ukikataa, njoo unikatalie huku, nami nitakujibu. Ukikubali, huna haja ya kusema. Lakini barua hii si yako, ni ya Idrisa. Usimsimulie. Mpe.

Na wewe mwanangu, nenda. Sina machozi ya kukuchelewesha nayo. Ikiwa jioni hii baba yako atakuita kando, akakukabidhi karatasi hizi zote kwa mpangilio wake, bila kukueleza mna nini ndani, basi usihangaike tena chini ya meza yangu. Waya unafanya kazi.

Mama yako,
Rehema